Hekalu la Yeb na karatasi za njugu za Daraja Mbili

JUMATATU moja nilipitia soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, nikanunua njugu karanga za shilingi ishirini kutoka kwa mama mmoja aliyeketi chini ya mwavuli, karibu na wauzaji wa ndizi. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, wauzaji wengi wameirudia desturi ya zamani ya kufunga bidhaa ndogo ndogo kwa karatasi. Nilipokwisha kuzitafuna njugu zangu, niliikunjua ile karatasi ili niitupe, na macho yangu yakagota kwenye mwandiko wa wino wa buluu. Ulikuwa ni ukurasa wa kitabu cha kumbukumbu cha shule moja ya msingi, wa mwaka 1961. Mwalimu mkuu wa siku hizo alikuwa ameandika kwamba wanafunzi kumi na wanne hawakufika darasani kwa sababu mto ulikuwa umefurika, na kwamba wazazi wangekutana kujadili suala la daraja.

Nilimrudia yule mama nikamuuliza karatasi zake hutoka wapi.

"Twazinunua kwa kilo, mwalimu," alinijibu kwa upole. "Ni taka za ofisi. Hakuna azisomaye."

Simlaumu mama huyo hata kidogo. Yeye anatafuta riziki, na karatasi ni karatasi. Lawama ni yetu sisi tuliosoma, tunaoshika funguo za makabati ya shule na ofisi, ambao siku ya kufagia hatutofautishi kati ya taka na ushahidi. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 1961 yanatajwa katika historia ya nchi hii. Lakini mafuriko hayo yalimgusaje mtoto aliyekuwa akivuka mto wa Gusii kwenda shule? Jibu lilikuwa mkononi mwangu, limelowa mafuta ya njugu, na kurasa zilizolitangulia na kulifuata zilikuwa zimekwisha tawanyika sokoni.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa isimu habari za nyaraka za Yeb. Nawaomba walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii wanivumilie niwasimulie kisa hicho, kwani yaliyotokea huko yana funzo kubwa kwetu.

Tukisimama katika mji wa Kisii, maji ya kijito cha Nyakomisaro yapitayo chini yetu hayakomei kwenye mabonde ya Gusii. Huingia mto Riana, Riana ikamwaga katika Gucha, na Gucha ikateremka hadi Ziwa Victoria. Kutoka huko maji huanza safari ndefu ya mto Naili, yakapita Uganda na Sudan, hadi yafikapo Aswan, kusini mwa Misri, penye maporomoko ambayo wanajiografia huyaita ya kwanza. Hapo katikati ya mto pana kisiwa kidogo. Wamisri wa kale walikipa jina lenye maana ya ndovu, kwa kuwa pembe za wanyama hao zilipitia hapo zikitoka Nubia. Wayunani nao wakakiita Elephantine. Waandishi ninaotaka kuwazungumzia walikiita Yeb. Ng'ambo ya mto ulikuwapo mji wa Sewene, ambao wasomaji wa Biblia wataukumbuka katika kitabu cha Ezekieli.

Katika karne ya tano kabla ya Kristo Misri ilikuwa chini ya himaya ya Uajemi. Yeb ilikuwa ngome ya mpakani, na miongoni mwa askari walioilinda walikuwamo Wayahudi waliokaa huko na wake zao, watoto wao na watumwa wao. Hawakuwa wageni wa juzi. Wao wenyewe waliandika kwamba baba zao walikuwa wamekwisha kujenga hekalu katika kisiwa hicho wakati wa wafalme wa Misri, kabla ya mfalme Cambyses wa Uajemi kuiteka nchi hiyo mwaka 525 K.K. Halikuwa sinagogi, yaani nyumba ya kukutania na kusoma. Lilikuwa hekalu hasa, lenye madhabahu, makuhani, ubani na sadaka za kuteketezwa, lililowekwa wakfu kwa Mungu ambaye jina lake waliliandika Yaho.

Tunayajuaje haya? Twayajua kwa sababu ya karatasi. Hali ya hewa ya Aswan ni kavu mno, na karatasi za mafunjo zikifukiwa mchangani huko hudumu maelfu ya miaka. Mwaka 1893 Mmarekani aitwaye Charles Edwin Wilbour alinunua nyaraka kadhaa za mafunjo kutoka kwa wenyeji. Alifariki mwaka 1896 kabla hazijachapishwa, na nyaraka zikakaa sandukuni kwa zaidi ya nusu karne. Binti yake aliziacha kwa wosia kwa Makumbusho ya Brooklyn, na hatimaye zikachapishwa mwaka 1953. Nyaraka nyingine zilinunuliwa Aswan mwaka 1904. Kisha, kati ya 1906 na 1908, Wajerumani wakiongozwa kwanza na Otto Rubensohn walichimba kisiwani na kupata hazina kubwa kuliko zote: barua za Yedania, kiongozi wa jumuiya hiyo ya Wayahudi.

Barua iliyo mashuhuri zaidi ina tarehe inayolingana na 25 Novemba 407 K.K. Yedania na makuhani wenzake wanamwandikia Bagohi, liwali wa Yuda. Wanaeleza kwamba miaka mitatu kabla, mwaka 410 K.K., liwali mkuu Arsames aliposafiri kwenda kwa mfalme, makuhani wa Khnum, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha kondoo dume, walishirikiana na mtawala wa pale aitwaye Vidranga. Mwana wa Vidranga, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Sewene, alikuja na askari wenye silaha wakalibomoa hekalu hadi chini. Walivunja nguzo za mawe na milango mitano ya mawe ya kuchonga, wakachoma paa la mierezi, wakabeba vyombo vya dhahabu na fedha. Tangu siku hiyo, Yedania anasema, wao na wake zao na watoto wao wamevaa magunia, wamefunga, hawajipaki mafuta wala hawanywi divai. Wanaomba jambo moja tu: ruhusa ya kujenga upya.

Nakala mbili za barua hiyo zilipatikana, na katika moja maneno yamesahihishwa. Walimu wa insha, waambieni wanafunzi wenu wanaonung'unika kwamba rasimu ni kazi bure: zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, watu waliopoteza kila kitu walikaa chini wakaiandika barua, wakaisoma, wakaona haijatosha, wakaiandika tena.

Barua ya awali waliyompelekea kuhani mkuu wa Yerusalemu, Yohanani, haikujibiwa. Safari hii waliandika pia kwa Delaya na Shelemia, wana wa Sanbalati, liwali wa Samaria. Jibu lilikuja kwa kauli ya Bagohi na Delaya, likaandikwa kwa ufupi kama kumbukumbu ya mjumbe: hekalu lijengwe mahali pake pa zamani, na sadaka ya unga na ubani zitolewe kama ilivyokuwa awali. Sadaka ya wanyama haikutajwa. Katika waraka mwingine, wazee watano wa Yeb wanaahidi malipo iwapo watakubaliwa ombi lao, na wanasema waziwazi kwamba kondoo, ng'ombe na mbuzi hawatateketezwa hapo. Hati ya nyumba ya mwaka 402 K.K. inalitaja hekalu tena kama jirani wa kiwanja kinachouzwa. Yaani lilisimama tena, japo si kwa muda mrefu. Utawala wa Waajemi ulianguka huko Misri, na baada ya muda mfupi sauti ya Wayahudi wa Yeb inanyamaza. Hekalu la Khnum likaja kupanuliwa juu ya mtaa wao.

Wanaakiolojia nao wamefanya yao. Tangu mwaka 1969 Wajerumani na Waswisi wamekuwa wakichimba kisiwani kwa utaratibu, na katika miaka ya 1990 Cornelius von Pilgrim alitambua mahali hekalu liliposimama, akalinganisha kuta na sakafu zilizosalia na mipaka iliyotajwa katika hati za nyumba. Mabaki ni machache. Mojawapo ya sababu inasikitisha: kwa miaka mingi wakulima walichimba matofali ya udongo ya kale wakayatumia kama mbolea mashambani. Sikuweza kuisoma habari hiyo bila kumkumbuka mama wa njugu. Mkulima yule hakuwa adui wa historia. Alihitaji mbolea, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba lile tofali lina habari ndani yake.

Lakini kinachonivuta mimi, mtu wa lugha, si barua za wakubwa pekee. Ni makaratasi madogo ya watu wadogo. Yupo Anania mwana wa Azaria, mtumishi wa hekalu, aliyemwoa mjakazi wa Kimisri aitwaye Tamut mwaka 449 K.K. Tunayo hati ya ndoa yao, hati ya Tamut kuachwa huru mwaka 427 K.K., na hati za nyumba waliyoinunua karibu na hekalu na sehemu zake walizompa binti yao. Yupo Mibtahia, mwanamke mwenye mali, aliyeolewa zaidi ya mara moja na aliyejua kuilinda haki yake mbele ya mahakama. Katika hati za ndoa za Yeb mwanamke naye aliweza kusimama mbele ya baraza akatangaza kwamba amemwacha mumewe. Kuna orodha ndefu ya watu waliochangia shekeli mbili mbili kwa ajili ya Yaho, na wanawake wengi wamo. Na la ajabu ni kwamba hesabu ya mwisho inaigawa fedha hiyo kwa Yaho na pia kwa majina mengine mawili ya kiungu, Eshem-Betheli na Anat-Betheli.

Nipendacho kuliko vyote ni kigae kimoja cha chungu. Wakati ule karatasi ilikuwa ghali, na ujumbe mfupi uliandikwa kwa wino kwenye vigae. Mwandishi wa kigae hiki anamwarifu mwanamke aitwaye Isla kwamba mboga zitaletwa kwa mashua kesho, siku ya Sabato, na kwamba aende kuipokea mashua zisije zikapotea. Anaapa kwa uhai wa Yaho kwamba asipokwenda atamtoa roho! Wale wanaolijua soko la Daraja Mbili watacheka, kisha watafikiri. Jamii ya Abagusii ina Waadventista Wasabato wengi, na Ijumaa jioni wapo wachuuzi wanaokunja maturubali yao mapema ili Sabato isiwakute sokoni. Wanaijua fika mvutano kati ya siku ya Bwana na mboga zinazonyauka. Mvutano huo si wa leo.

Sasa natua kwenye hoja yangu. Mwanafunzi mmoja aliposikia habari za Yeb alisimama akasema kwa hasira kidogo, "Daktari, hilo haliwezekani. Kumbukumbu la Torati sura ya 12 inaamuru sadaka zitolewe mahali pamoja tu. Hekalu lilikuwa Yerusalemu." Alikuwa amekariri vizuri, na sura aliitaja sawasawa. Nilimjibu kwa kumuuliza jina la soko lililo karibu.

"Daraja Mbili," akasema.

"Na sarufi yadai nini?"

Darasa zima likacheka. Daraja, kwa sarufi tunayoifundisha, ni la ngeli ya LI-YA. Likiwa moja ni daraja moja; yakiwa mawili ni madaraja mawili. Mwanafunzi akiandika "daraja mbili" katika mtihani akikusudia vivuko viwili, mwalimu atamkata alama bila huruma. Hata hivyo soko linaitwa Daraja Mbili. Wachuuzi wanasema Daraja Mbili, makondakta wa matatu wanaita Daraja Mbili, na serikali ya kaunti yaandika Daraja Mbili. Je, tutasema soko hilo halipo kwa kuwa sarufi hailitambui?

Kanuni hutuambia mambo yapasavyo kuwa. Ushahidi hutuambia mambo yalivyokuwa. Mtu aliyeelimika sharti avijue vyote viwili, wala asitumie kimoja kukifuta kingine. Hekalu la Yeb lilikuwapo. Tena halikuwa peke yake: huko Arad, ndani ya Yuda yenyewe, wanaakiolojia walichimbua hekalu katika miaka ya 1960, na baadaye, katika karne ya pili kabla ya Kristo, kuhani aliyeitwa Onia alijenga jingine Leontopolis, katika Misri hiyo hiyo. Swali la maana kwa mwanafunzi si kama vitu hivi vinaruhusiwa kuwapo. Swali ni: watu wa Yeb waliielewaje imani yao? Je, sheria ya mahali pamoja iliwafikia? Mbona Yerusalemu haikujibu barua yao ya kwanza, na mbona sadaka za wanyama hazikutajwa katika ruhusa waliyopewa? Hayo ni maswali ya kumfanya kijana akeshe akisoma.

Kuna wanaodhani kwamba maswali ya namna hiyo ni hatari kwa imani. Sidhani. Nyaraka hizo hizo zinazotuonyesha hekalu ambalo hatukulitarajia ndizo zinazomtaja Yohanani kuhani mkuu na Sanbalati wa Samaria, majina ambayo msomaji wa kitabu cha Nehemia anayafahamu. Anayetaka kuutumia mchanga wa Yeb kuikejeli Biblia, mchanga huo utamwaibisha. Na anayetaka usiguswe kabisa, ataikosa habari iliyokuwa yake. Vilevile tukumbuke kwamba barua ya Yedania ni ya upande mmoja. Makuhani wa Khnum hawakutuachia maelezo yao. Yamkini waliudhika kwa kuchinjwa kwa kondoo karibu na mungu wao, yamkini ulikuwa ni ugomvi wa kiwanja, yamkini waliwachukia askari waliowatumikia wavamizi. Mwalimu wa historia anayewafundisha wanafunzi wake kuuliza "na yule mwingine angesemaje?" anawapa silaha itakayowafaa hata katika msimu wa siasa.

Lipo pia kosa la upande wa pili, na hili ni letu zaidi. Katika masimulizi ya Abagusii, kama yalivyo ya baadhi ya jirani zetu, husimuliwa kwamba mababu walitoka Misri. Marehemu Profesa William Ochieng', aliyeandika historia ya Abagusii iliyochapishwa mwaka 1974, ni mmoja wa walioyachukulia masimulizi ya wazee kwa uzito. Mimi pia nayaheshimu. Lakini siku hizi nasikia wahubiri wa sokoni wakiruka kutoka "tulitoka Misri" hadi "sisi ni kabila lililopotea la Israeli", na nahofia kwamba wakisikia habari za hekalu la Wayahudi kandokando ya Naili, wataidaka kama ushahidi. La hasha! Kuwapo kwa Wayahudi katika kisiwa cha Aswan hakuthibitishi lolote kuhusu Abagusii.

Mwulize Omogusii akuhesabie. Atasema isato na isano pale Mswahili asemapo tatu na tano. Mtu ni omonto na watu ni abanto. Kwa Kiganda ni omuntu na abantu. Mfanano huu haukuja kwa bahati. Unarudi kwa utaratibu katika maneno ya msingi na katika ngeli za nomino, nao unaiweka Ekegusii miongoni mwa lugha za Kibantu, pamoja na jirani zake wa karibu kama Kikuria. Kiebrania na Kiaramu ni za familia nyingine kabisa, na maneno yao hujengwa kwa njia tofauti, juu ya mizizi ya konsonanti. Jambo hili halituondolei heshima yoyote. Watu waliofyeka na kulima milima hii, waliochonga mawe ya Tabaka, walioitunza lugha yao yenye utajiri wa methali, hawahitaji kuazima babu kutoka Yerusalemu ili wawe watu. Masimulizi ya Misri yasitupwe. Yachunguzwe kama masimulizi, tuulize Misri hiyo ilikuwa wapi katika fikra za wazee, na jina hilo liliingia lini vinywani mwao.

Jambo jingine la lugha halina budi kusemwa. Wayahudi wa Yeb hawakuandika kwa Kiebrania. Waliandika kwa Kiaramu, lugha ambayo Waajemi, wasioizungumza nyumbani kwao, waliitumia kuendesha himaya. Karani wa Misri aliweza kumwandikia liwali wa Yuda naye akaelewa, kwa lugha ambayo haikuwa ya bwana wala ya mtawaliwa. Je, hatuioni sura ya Kiswahili hapo? Daraja Mbili hukutana Omogusii, Mjaluo, Mkipsigis na Mkisii wa mjini asiyekumbuka methali hata moja ya nyanya yake, na wote hupatana bei kwa Kiswahili. Miongoni mwa mafunjo ya Yeb ilipatikana hadithi ya Ahikari mwenye hekima pamoja na misemo yake, imeandikwa kwa Kiaramu juu ya karatasi iliyokuwa imekwisha kutumika kwa hesabu za ushuru wa meli. Mtu alifuta hesabu za serikali akaandika hekima. Wanazuoni wa leo wamefaulu kuzisoma zote mbili, hesabu na hekima. Sisi twafunga njugu.

Haya, tufanye nini? Si desturi yangu kulalamika kisha nikaondoka.

Kwanza, walimu wakuu wa shule za msingi na upili wasiuze wala kuchoma karatasi kuukuu kabla hazijapitiwa na mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili. Vitabu vya kumbukumbu, sajili za wanafunzi, mihutasari ya mikutano ya wazazi, barua za wamisionari na za maafisa wa elimu: hizo si taka. Kenya ina sheria ya kumbukumbu za umma tangu mwaka 1965, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ipo kwa ajili hiyo. Afisa asiyejua afanye nini na kabati lililojaa na aulize kabla ya kuita mnunuzi wa kilo.

Pili, kila shule ianzishe sanduku moja la kumbukumbu, kavu, lisilofikiwa na mchwa. Halihitaji fedha nyingi. Nyaraka za familia zibaki kwa wenyewe, lakini wanafunzi waombe ruhusa ya kuzipiga picha kwa simu: hati za mashamba, vyeti vya ubatizo, makubaliano ya mahari, barua za babu aliyepelekwa vitani Burma. Tamut alikuwa mjakazi ambaye hakuna mfalme aliyemtaja. Tunamjua leo kwa sababu mtu alizikunja karatasi zake vizuri akazitia muhuri.

Tatu, wazee wahojiwe kwa Ekegusii, na maneno yao yaandikwe kwa Ekegusii kabla ya kufasiriwa kwa Kiswahili. Mzee akilazimishwa kusimulia kwa lugha ya shule hutoa mifupa bila nyama. Na anayeandika asimsahihishe. Mzee akisema neno ambalo mwalimu halijui, liandikwe kama alivyolitamka.

Nne, mitihani yetu na itahini ushahidi. Mpe mwanafunzi barua fupi, mwambie aeleze ni nani aliyeiandika, kwa nani, akitaka nini, na anaficha nini. Mtaala wa umilisi unadai kwamba unataka vijana wanaofikiri. Huo ndio uwanja wa kulithibitisha dai hilo.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani hana muda wa kupepeta makaratasi ya kale. Nakubali kwamba mzigo ni mzito, nami sitaki aongezewe kwa amri ya mtu aliyeketi chuo kikuu. Ndiyo sababu nimesema kabla ya kuuza. Saa moja yatosha kulipitia kabati. Kile ambacho saa hiyo yaweza kuokoa, hakuna bajeti ya kaunti itakayoweza kukinunua baadaye.

Karatasi ile ya mwaka 1961 ninayo. Niliifuta mafuta kadiri nilivyoweza, nikaibana kati ya kurasa za kamusi. Niliporudi Daraja Mbili juma lililofuata, yule mama alikuwa ameniwekea nyingine tatu kutoka kitabu kilekile, alizozipata chini ya kikapu chake. Alikataa malipo. Aliniuliza tu, "Mwalimu, waliipata ile daraja?"

Nilizisoma zile kurasa tatu papo hapo, nimesimama katikati ya wanunuzi. Hazikusema. Ukurasa wenye jibu, kama haujachomwa, umo mikononi mwa mtu anayetafuna njugu.